Kabla ya Jumamosi ya Watani

Mjukuu wangu, bibi yako ameniambia kuwa jana ulirudisha chakula bila kukigusa, na saa nane usiku mimi mwenyewe nilikusikia ukizunguka uani. Sikuulizi una nini. Jumamosi ni Simba na Yanga, na ugonjwa huo mimi ninao tangu mama yako hajazaliwa. Tumepishana rangi tu: wewe Mnyama, mimi Mwananchi.

Sikuiti hapa nikuambie kwamba huu ni mpira tu. Anayesema hivyo hajawahi kutoka Msimbazi hadi Jangwani kwa miguu siku ya mechi. Yanga ilianza 1935, Simba ikafuata 1936, na wazee wetu walitusimulia kwamba walioianzisha walijitenga kutoka Yanga. Ikabadili majina, ikaitwa Sunderland, hadi 1971 ndipo ikawa Simba. Hawa ni ndugu waliogawana nyumba, na maneno ya ndugu huchoma kuliko ya mgeni. Hofu yako naiheshimu. Ninayoyahofia mimi ni yale unayotaka kuyafanya kwa ajili yake.

Nimesikia kwamba hesabu ya tajiri ya wiki hii, pesa ya bodaboda ya watu, unataka kuiweka kwenye mkeka. Eti safari hii Simba haina namna ya kufungwa. Mwanangu, Oktoba 20, 2013 nilikuwa kibanda umiza. Hadi mapumziko sisi Yanga tulikuwa tunaongoza 3-0. Aliyekaa kando yangu alikuwa fundi seremala, mtu mzima mwenye akili zake timamu. Akatoa mfukoni kodi ya chumba, akawekeana dau na mtu wa Simba kwamba hawachomoki. Kipindi cha pili Simba wakarudisha moja, wakarudisha la pili, wakarudisha na la tatu. Mechi ikaisha 3-3. Watu wote wakaondoka, fundi yule akabaki kwenye benchi mpaka mwenye banda akaanza kufagia miguuni pake. Yanga haikufungwa siku ile, lakini yeye alikuwa na mke wa kwenda kumweleza.

Tena mechi yenyewe inaweza isichezwe. Machi 8, 2025 umeisahau? Watu walitoka mikoani, wamelipa nauli, wamevaa jezi. Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi, wakagoma kucheza, bodi ya ligi ikaahirisha. Ikaja kuchezwa Juni 25, tukawafunga 2-0. Kati ya siku hizo mbili imepita miezi mitatu na zaidi, na tajiri wa pikipiki hangoji miezi mitatu.

Lakini hilo la pesa si kubwa kama hili la pili. Nimeambiwa wewe na mwenzako wa kijiweni hamsalimiani. Kwamba tangu Novemba 5, 2023, tulipowapiga 5-1, kila akikuona anakunyooshea vidole vitano, na wiki iliyopita ukamjibu kwa kumtukania mama yake mzazi, mbele ya abiria.

Keti nikusimulie. Julai 19, 1977 Simba walitufunga 6-0. Mchezaji wao Kibadeni peke yake alifunga matatu. Nilisikiliza redioni, na bao la sita lilipoingia nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe, sitaki kuonana na mtu. Nilikuwa na jirani wa Simba, rika langu. Kulipopambazuka akanigongea dirisha mara sita, akihesabu kwa sauti. Akanibandika jina: Sita. Mtaa mzima ukanichukulia jina hilo, hadi watoto. Nikamnunia. Nikawa napita njia ya nyuma nisikutane naye, mwezi baada ya mwezi, na nilijiona mwenye haki kabisa.

Mwaka uliofuata mama yangu akafariki. Mtu wa kwanza kufika na jembe begani alikuwa yule jirani. Hakuitwa. Alichimba kaburi tangu udongo wa juu, akashuka mwanandani kumpokea mama. Jioni nilikataa kula, kama wewe jana. Akaniletea sahani mwenyewe, akanipangia vipande vya nyama juu ya wali, akihesabu polepole: moja, mbili, tatu. Alipofika sita akasema, «Hizi zako, usimwachie mtu.» Nikacheka, mjukuu wangu. Mama yangu amezikwa mchana ule na mimi nimecheka, kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Halafu nikala.

Ndiyo maana tunaitana watani wa jadi. Mnalitamka neno hilo kila siku bila kulipima. Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwatania wafiwa, na ndiye anayeshika kazi nzito ambazo wafiwa hawaziwezi. Ruhusa ya kukucheka inatokana na wajibu wa kukuzika. Vidole vitano vya mwenzako ni utani, hata vikikuudhi, na wewe ulikuwa na haki ya kumnyooshea vyako, kwa maana Mei 6, 2012 Simba walitupiga 5-0. Hilo lingekuwa jibu. Tusi la mzazi si jibu, na wala haliko ndani ya utani. Ulitoka nje ya uwanja, na ni wewe wa kurudi.

Najua utasema yeye ndiye aliyeanza. Na mimi nilisema hivyo hivyo chini ya mwembe.

Jumamosi nitameza dawa yangu ya presha mapema na kukaa kwenye kiti changu kile kile, na jezi yangu ya kijani na njano bibi yako ameshaipiga pasi. Wewe vaa nyekundu yako. Sitakuonea huruma tukishinda, nawe usinionee. Leo hii peleka hesabu kwa tajiri, yote, kisha pita kijiweni umwombe radhi mwenzako, na umwambie babu anawaita nyote wawili mje kuangalia mechi hapa.