Makato ya Mshahara ni Amana

Enyi Waislamu, naiusia nafsi yangu nami nakuusieni kumcha Mwenyezi Mungu, msikitini na dukani vilevile. Leo nawakusudia wenye kuajiri. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri wa sekta binafsi apeleke kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) asilimia 20 ya mshahara wa kila mfanyakazi, wala haimruhusu kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki atoe mwenyewe. Wapo wanaokata na hawapeleki. Anayelipwa shilingi 400,000 hukatwa 40,000 kila mwezi, hati ya mshahara inaonyesha makato, kumbe fedha imekwenda kununulia mzigo. Mwaka ukiisha ni 480,000 za jasho lake. Siku mama amejifungua na kwenda kudai mafao ya uzazi, anaambiwa michango yake haionekani.

Wengi huliona hili kuwa ni kuchelewa kulipa serikali, na hapo ndipo dhambi inapofanywa nyepesi. Ujira ukishafanyiwa kazi ni mali ya aliyefanya kazi. Kilichokatwa humo kimebaki mkononi mwa mwajiri kama amana tu, na Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mafakihi wamesema kwamba mwenye kuitumia amana bila idhini amevuka mpaka, na dhamana ni juu yake hata kama alinuia kurudisha. Mtu atasema biashara ni ngumu, na Qur'ani imeamrisha mdaiwa aliyekwama apewe muhula. Ni kweli, lakini muhula hutolewa na mwenye kudai, na huyu mfanyakazi hakuulizwa. Hata hajui kwamba anadai. Mwingine atasema Mfuko wenyewe huwasumbua wastaafu, au kwamba uwekezaji wake una shaka ya riba. Malalamiko hayo yana mahali pake pa kupelekwa, na anayeyaona ya haki ayapeleke. Ila hata yakithibiti yote, hayaifanyi ile 40,000 kuwa mali ya mwajiri.

Na toba katika haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Aliye na malimbikizo afungue daftari lake wiki hii, aende ofisi ya Mfuko akubaliane nao namna ya kulipa, na awaambie wafanyakazi wake ukweli, wakiwemo waliokwisha kuacha kazi.