Ghala la Farao na Kilindo cha Nyumbani

(Someni Mwanzo 41 na 47)

Habari ya Yusufu na miaka saba ya shibe twaipenda sana, nasi twawafundisha hata watoto wadogo. Lakini mara nyingi twaisoma hata mwisho wa sura ya 41, kisha twafunga Kitabu. Leo twawaomba, na hasa ninyi waalimu, msome na sura ya 47. Humo twaona ya kuwa nafaka ya miaka ya shibe iliwekwa katika maghala ya Farao, wala haikubaki majumbani mwao walioilima. Njaa ilipozidi, watu walitoa fedha yao wapate kula. Fedha ilipokwisha, wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, wakatoa mashamba, tena na nafsi zao. Yusufu aliwaokoa na mauti, wala hatumlaumu. Lakini watu wale walitoka katika njaa hali ni watumwa.

Sisi wa Ugogo hatuhitaji mtu wa kutufasiria sura hiyo. Twajua kuhemea ni nini. Mtu hutoka alfajiri akiswaga ng'ombe wake, hurudi na nafaka isiyotimiza mwezi, na ng'ombe hayupo tena. Wazee walisimulia njaa iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920. Wengi hudhani ililetwa na jua peke yake. Mvua ilikosekana kweli. Lakini kabla yake majeshi ya vita yalikuwa yamepita, kwanza Wajerumani, kisha Waingereza waliofika Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua nafaka na ng'ombe, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi. Jua lilipowaka, vilindo vilikuwa vitupu tayari. Katika watu 150,000 hivi wa nchi hii, yakadiriwa kuwa 30,000 walikufa.

Wala jambo hili si la nchi kavu tu. Unguja imezungukwa na maji, mvua yake ni nyingi kuliko yetu, na karafuu zake zilijulikana duniani kote. Lakini wenyeji wake walizoea kula mchele uliotoka Burma kwa meli. Wajapani walipoutwaa mji wa Rangoon, Machi 1942, mchele ule ulikatika, na watu wa visiwani wakahimizwa kupanda mihogo na mazao mengine ya chakula. Mwenye karafuu hakuweza kuzipika.

Siku hizi hapana askari ajaye na bunduki kuchukua uwele wetu. Twaupeleka wenyewe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600. Mavuno hayo mamoja yapaswa kutufikisha hata mavuno mengine. Lakini Juni magari ya wachuuzi yasimama kando ya njia, deni la dukani ladai, arusi yakaribia, nasi twauza kwa bei ya chini. Januari twanunua nafaka ile ile kwa bei iliyopanda. Serikali inayo maghala makubwa Kizota, na soko la nafaka la Kibaigwa lajulikana hata nje ya nchi. Hayo ni mema, twamshukuru Mungu. Hata hivyo uji wa mtoto wapikwa kwa unga uliomo nyumbani.

Tena tumekuwa watu wa kuona haya kwa ugali wa uwele. Twapanda mahindi, nayo hukauka mvua ikikatika wakati wa kutoa mbelewele, hali uwele na mtama vingalistahimili. Twajua kwelea kwelea wachosha, na kuamia ndege mchana kutwa si kazi ya mchezo. Lakini mtoto alishwaye ugali wa mahindi mchana na usiku, pasipo maharage wala karanga, wala maziwa, hudumaa, hata tumbo lake likijaa.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja, siku ya sikukuu ya mavuno, magunia mengi yaliletwa mbele ya madhabahu. Tuliimba kwa furaha, na juma lile lile tukayapiga mnada, maana tulitaka mabati ya nyumba ya mwalimu. Mjane mmoja alikuwa ameleta debe la uwele, safi, umepetwa vizuri. Mwezi wa Februari alikuja mlangoni petu na kikapu kitupu. Hakunung'unika. Aliuliza tu kama debe lake lingalipo, apate kukopeshwa nusu yake. Mabati tulikuwa nayo. Uwele hatukuwa nao. Tulimpa fedha kidogo, akaenda sokoni, akarudi na unga wa mahindi wa siku mbili.

Tangu siku hiyo hatukuweza kuhubiri sura ya 41 kama zamani. Tulileta neno hili katika baraza la wazee, nalo likabishaniwa sana, kwa kuwa wengine waliona kanisa si ghala, na fedha ya mabati itatoka wapi? Mwisho ilikubaliwa kwamba sadaka ya nafaka isiuzwe kabla ya mwisho wa Februari, na kwamba mshirika apungukiwaye akopeshwe, arudishe wakati wa mavuno kipimo kile kile, bila nyongeza. Mlango una kufuli tatu. Funguo mbili wanazo wazee wa kanisa, na wa tatu anao mjane yule.