Kusalimika Si Kujua

Mteremko wa theluji uliovukwa bila madhara hauthibitishi kwamba aliyeuvuka alikuwa na haki ya kuuvuka. Kauli hii, ijapoonekana kuwahusu wapanda milima peke yao, inagusa swali kongwe la falsafa ya maadili, yaani iwapo uamuzi hupimwa kwa matokeo yake au kwa njia iliyofuatwa katika kuufikia.

Katika milima ya Alps swali hilo huwa zito zaidi siku moja au mbili baada ya dhoruba kubwa, anga inapotakata na watelezaji wanapoifuata miteremko isiyo na ulinzi. Theluji mpya, hasa iliyosukumwa na upepo, hushikamana ikawa bamba, yaani tabaka pana lililoungana, na bamba hilo huweza kulala juu ya tabaka dhaifu la chembe zisizoshikana, lililojengeka katika siku za baridi kali zilizotangulia. Penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja huweza kulivunja tabaka hilo la chini, ufa ukasambaa mbali na alipokanyaga; ndiyo maana katika ajali nyingi anayeyaamsha maporomoko ni yule yule anayefukiwa, au mwenzake wa msafara. Kipimo cha hatari kinachotumiwa Ulaya tangu 1993 kina ngazi 5, lakini sehemu kubwa ya vifo hutokea katika ngazi ya 3, ambapo dalili huchanganyika na kila mtu hupata ya kumridhisha.

Mwanafalsafa wa Uingereza William Clifford, katika insha yake ya 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alitoa mfano wa mwenye meli chakavu aliyezima mashaka yake kwa kujiambia kwamba chombo kimekwisha kustahimili safari nyingi na kwamba Mungu atawalinda abiria. Kwa hoja ya Clifford, mtu huyo angebaki na hatia ile ile hata meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini.

Yaweza kupingwa kwamba theluji haijuliki kikamilifu. Anayechimba shimo, akatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande na kuigonga kwa mkono juu ya beleshi lililolazwa kileleni mwake, hupata habari za mahali hapo tu, ilhali hatua chache mbele mpangilio wa matabaka waweza kuwa mwingine. Basi ushahidi kamili ukiwa sharti, hakuna atakayetoka nyumbani. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachodhihirisha ni kwamba ushahidi wa theluji hauna uzito sawa pande zote mbili. Nguzo ikivunjika kwa mapigo machache, au theluji ikitoa mvumo mzito wa kudidimia chini ya miguu, hiyo yatosha kumrudisha mtu. Nguzo isipovunjika, haijatosha kumpeleka mbele. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mlimani methali hiyo ni kanuni ya elimu kabla ya kuwa onyo.

Hapo ndipo maana ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, inapohitaji kulindwa. Tegemeo hilo huja baada ya juhudi ya mja, nalo hulifunika lile ambalo uchunguzi wa uaminifu umeshindwa kulifikia. Kosa la mwenye meli lilikuwa kuliweka mahali pa uchunguzi wenyewe. Mlima humwongezea mtu wa namna hiyo hatari nyingine, kwa sababu kila mteremko anaoushuka salama humzidishia ujasiri bila kumzidishia maarifa, na siku utakapomsahihisha huenda asipate nafasi ya kujifunza. Aliyezipuuza dalili kisha akafika bondeni akiwa hai ana wajibu wa kushukuru, lakini shukrani hiyo haiwezi kuwa hoja ya safari ya kesho.