Nani Ataje Mahali pa Kula?

Watu wanne wametoka kazini pamoja hapa Kamina. Njaa imewabana na kila mmoja ana faranga kidogo mfukoni. Mmoja anauliza, "Tunaenda kula wapi?" Wa pili anajibu, "Fasi yoyote tu." Wa tatu anasema hana neno. Wa nne anatazama simu yake. Robo saa inapita kabla mtu hajainua mguu, na kila mmoja anaamini kwamba amewatendea wenzake adabu. Mimi sikubali. Naona mzigo unaosukumwa kutoka bega hadi bega, na ndani ya mzigo huo limo swali lililowashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi: mtu huchaguaje pale asipokuwa na sababu ya kukitwaa hiki na kukiacha kile?

Mji wetu unalifahamu swali hili kuliko miji mingi. Kamina ni njia panda ya reli. Njia ya kampuni ya reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati ule, ilifunguliwa mwaka 1928 nayo ikapita hapa. Mwaka 1956 likaunganishwa tawi la Kabalo. Tangu hapo watu wa Lubumbashi, wa Kasai na wa Tanganyika wanakutana kwenye gare yetu, na treni ikichelewa, kama inavyochelewa mara nyingi, wanakaa. Wanaokaa lazima wale. Anayetoka Lubumbashi anataka bukari nyeupe ya mahindi. Wa Kalemie anaulizia ndakala. Wa Kasai anataka bukari iliyochanganywa na unga wa mihogo kama ya kwao. Wote watatu wanasimama mbele ya mabanda yaleyale.

Huko bandani hakuna karatasi ya kusoma. Mama mpishi anashika kifuniko kwa pindo la kitenge, anakiinua, mvuke unampiga usoni, nawe unachungulia: sombe iliyopondwa vizuri, kijani kizito, mafuta ya mawese yamejitenga ukingoni. Anafunika upesi ili isipoe. Sufuria ya pili ina samaki wa moshi kutoka upande wa Bukama, kichwa kimejitokeza juu ya mchuzi wa nyanya. Ya tatu ni maharage. Bei inatajwa kabla hujaketi, na beseni la kunawia linasogezwa ukishakubali tu. Halafu, hatua chache pembeni, chini ya turubai jingine, mama mwingine anafunua sombe, samaki na maharage, na bei ni ileile.

Uende kwa nani?

Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali aliuliza jambo hili mwaka 1095, katika kitabu chake *Tahafut al-Falasifa*. Alikuwa akijadili jambo kubwa kuliko chakula, yaani kwa nini Mungu aliuumba ulimwengu wakati ule na si wakati mwingine, lakini mfano aliouchukua ulitoka mezani. Mtu ana hamu ya tende. Mbele yake ziko tende mbili zinazofanana kwa kila kitu, uzuri, rangi, umbali kutoka mkononi, naye hawezi kuzichukua zote mbili. Je, atabaki ameduwaa mpaka njaa imuue? Hapana, asema Ghazali, atachukua moja. Hiyo ndiyo kazi ya utashi: kukitenga kitu na mfano wake bila kungoja sababu. Karne iliyofuata mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu. Kwa maoni yake mtu yule hakuchagua tende hii dhidi ya ile hata kidogo. Alichagua kula badala ya kutokula; tende iliyoangukia mkononi ilikuwa badala tu ya mwenzake.

Kwa mtu aliye peke yake, nadhani Ibn Rushd ameshinda. Msafiri mwenye njaa aliyeshuka treni usiku halinganishi turubai na turubai. Anakaa pale mguu ulipomfikisha, anakula, anashukuru. Hata wanaojisumbua na kulinganisha mara nyingi wanajidanganya, kwa sababu sombe mbili zilizopikwa kwa mkono mzuri hazipishani kiasi cha kumkosesha mtu amani. Ila Ibn Rushd alimwazia mtu mmoja. Kundi halina mkono. Watu wanne wenye njaa, wote wakitaka kula na wote wakiridhika na banda lolote, wanaweza kusimama barabarani hadi giza liingie, kwa kuwa kutaka kwao hakuna kidole cha kunyooshea. Hapo ndipo Ghazali anaporudi na nguvu zake zote. Lazima mmoja wao akitenge kitu na mfano wake, asiwe na sababu ya kutosha, na akubali kubeba lawama chumvi ikizidi. Anawaazima wenzake utashi wake. Kwangu hiyo ni huduma, sawa na kuwachotea maji.

Ziko njia za kuikwepa huduma hiyo. Iliyozoeleka kuliko zote ni kutazama wengine wameketi wapi. Mchumi Abhijit Banerjee, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, aliichambua katika makala ya mwaka 1992 kwa mfano wa mikahawa miwili jirani na watu mia moja wanaofika mmoja baada ya mwingine. Kwa sifa za awali mkahawa wa kwanza unauzidi wa pili kidogo sana. Lakini kila mteja amesikia tetesi zake mwenyewe, na tisini na tisa kati yao wamesikia kuwa wa pili ndio mzuri. Mmoja tu amesikia kinyume, na kwa bahati mbaya ndiye anayefika mwanzo. Anaingia wa kwanza. Anayemfuata anamwona ameketi, anaona tetesi zake na za mwenzake zimefutana, basi anaegemea zile sifa za awali na kuingia palepale. Wa tatu vivyo hivyo. Mwishowe wote mia wamejazana penye chakula hafifu, na aliyepika vizuri anafukuza nzi. Hakuna mpumbavu hata mmoja katika hadithi hii. Kila mtu alifikiri vyema kwa kadiri ya alichokiona.

Ndiyo maana mgeni wa Kamina anayefuata banda lililojaa abiria hajafuata ujuzi wowote. Abiria wale nao walimfuata abiria. Kama ni kufuata, na awafuate waliovaa nguo za kazi za reli, mafundi na wapanga mabehewa, kwa sababu wao watakula hapa kesho na kesho kutwa, na banda likiwaumiza tumbo hawarudi.

Njia nyingine ya kukwepa ni hatari zaidi, maana inavaa joho la heshima. Mwaka 1974 profesa wa Marekani, Jerry Harvey, alisimulia safari ya familia moja katika mji mdogo wa Coleman, Texas. Ilikuwa siku ya joto la nyuzi 40, wao wametulia barazani na feni na kinywaji baridi. Baba mkwe akasema twendeni Abilene tukale. Mke akasema wazo zuri. Mume, ambaye ni Harvey mwenyewe, hakutaka, akasema sawa ikiwa mama naye anataka. Mama mkwe akasema ndiyo, siku nyingi sijafika Abilene. Wakaendesha kilomita 85 katika vumbi, kwa gari lisilo na kipoza hewa, wakala chakula kibaya, wakarudi hoi. Jioni ikafichuka kuwa hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Baba mkwe mwenyewe alitaja Abilene kwa kudhani wenzake wamechoka kukaa nyumbani.

Hebu watazame waliokuwa garini: mkwe na wakwe zake. Sisi tuliolelewa katika heshima ya ukwe hatuhitaji profesa atueleze kilichotokea. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake dhidi ya kusikia "hapana". Wamarekani wanaisoma hadithi hiyo katika vitabu vya uongozi wa kampuni, nami nawaonea kidogo huruma, kwa sababu makao yake halisi ni meza ya ukweni. Na kinachonitia uchungu hapo ni upendo ule, wala si safari iliyopotea. Watu wanne waliopendana walipeana kitu ambacho hakuna aliyekitaka, kwa vile wote waliogopa kwamba kusema matakwa yako ni kuwalazimisha wengine. Si kweli. Matakwa yaliyosemwa mwenzako anaweza kuyakataa. Yaliyofichwa humlazimu kubahatisha, na akikosea atalaumiwa kimoyomoyo.

Hata hivyo siwezi kumhukumu kila anayejibu "popote", kwa sababu kula mbele za watu hakujawahi kuwa jambo jepesi katika nchi hii ya Waluba. Masimulizi ya mwanzo wa ufalme yanamtaja Nkongolo, mtawala aliyekula hadharani bila kujizuia, na Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki, aliyekataa kula akitazamwa na kujitenga kila chakula kilipoletwa. Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, ndiye aliyemshinda Nkongolo, na wafalme waliofuata walishika desturi ya kula peke yao, wasionekane. Haya yanasimuliwa mpaka leo hapa Haut-Lomami, Kabongo na kwa Kasongo Nyembo. Msikilizaji wa juujuu anapata habari ya miiko ya kifalme. Mimi naona pia kwamba wazee walijua kinywa kinachotafuna humweka mtu wazi. Mwenye kuchagua mahali pa kula anachagua macho yatakayomwona.

Na macho hayo huona mfuko. Kila mahali pa kula pana bei yake, kwa hiyo mwenye kutaja mahali ametaja na bei. Mwalimu ambaye mshahara wake haujatoka, akiulizwa na wenzake twende wapi, afanyeje? Akitaja banda la maharage, atawateremsha mbele ya mgeni wao. Akitaja hoteli yenye mbuzi wa kuchoma na bia baridi, atavuliwa nguo hesabu itakapoletwa. "Popote" yake ina maana nzito: naomba mtu mwingine ajue nilicho nacho bila kuniuliza. Nimewaona watu wakisema wameshiba, kumbe hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi, wakaagana na kwenda zao taratibu ili wasifike meza ya bei. Hao hawasukumi mzigo. Wanaubeba, na wanaubeba peke yao.

Iko na "popote" ya mama wa nyumba. Kila siku, alfajiri, yeye ndiye anayeamua leo ni lengalenga au matembele au kipande cha makayabu, na kila siku yupo anayekunja uso. Siku anayotolewa nje akale, akisema chagueni ninyi, amefanya kazi ya kuchagua siku zote na sasa anastahili kupumzika. Kumrudishia swali mara ya tatu kwa kisingizio cha heshima ni kumnyima mapumziko hayo.

Kwa hiyo adabu ya jambo hili haiwezi kuwa kanuni moja. Inataka mtu amtazame mwenzake kabla ya kufungua mdomo. Ninachokishikilia kwa nguvu ni hiki: kati ya wanne wale wa mwanzo, aliye na uwezo kuliko wenzake ndiye mwenye wajibu wa kutaja, na mahali atakapopataja pawe pale ambapo mwenye kidogo kuliko wote anaweza kujilipia na akala ashibe. Kama anataka mahali pa juu zaidi, basi aseme kabla ya kuondoka kwamba analipa yeye, aliseme waziwazi, mara moja, wala asikumbushe tena. Ila yaya mkubwa wa kundi, hata kama ndiye mwenye uwezo, asiwe wa kwanza kunena. Akishanena, wadogo watatikisa vichwa hata kama safari ni ya Abilene. Mdogo ataje, mkubwa aridhie au akatae, watu waondoke.

Nawe uliyesoma hadi hapa, utaulizwa swali hili kabla wiki haijaisha. Taja mahali pamoja, mtaje na mama anayepika pale, sema na bei, kisha uwaulize wenzako kama yupo asiyetaka. Akiwapo, nyamaza umsikilize.