Fundi Kurudia Jibu: Ni Kulomba ao ni Heshima?

Katika kitabu hiki tumezoea kusoma ju ya ndoa, kilio na majina ya mababu. Leo tunaleta swali la kila siku, lakini lenye mzizi katika desturi zetu: fundi aliyekwisha kupima kazi na kuachia mtu devi, inafaa arudi kuuliza jibu, ao angoje mpaka aitwe?

Swali hili lilitupata sisi wenyewe. Tulitaka kutia antivoli ku madirisha matatu ya nyumba. Tukaita fundi wa vyuma, mtu wa Katuba. Alipima, akaandika devi kwenye karatasi ya kaye: vyuma, rangi, usafiri, kazi ya mikono. Tukamwambia: "Fundi, tutakuita." Akajibu: "Iko muzuri, mwalimu." Kisha pale, kimya. Mshahara ulikawia, na sisi tuliona haya kumwambia kwamba pesa haiko. Yeye naye hakurudi. Miezi miwili ikapita.

Siku moja tukakutana ku kilio. Tukamuuliza sababu gani hakurudi. Alisema pole pole: "Mwalimu, niliogopa mutasema niko nalomba. Nilingoja tu. Tena ile juma ya kwanza nilikatalaka kazi ingine, ju nilijua mutaniita." Akaongeza kwamba mtoto wake alirudishwa nyumbani ju ya pesa ya masomo. Mtoto yule alikuwa anasoma kwetu, katika shule tunamofundisha. Na kila mwalimu wa sekondari anajua: pesa ambayo wazazi wanatoa njo inatusaidia kuishi. Kimya chetu kilizunguka, kikarudi mlangoni petu.

Tujiulize: haya hii ilitoka wapi? Wengi kati yetu ni watoto wa kampani. Union Minière ilianza 1906, na tangu miaka ya 1920 ilipanga maisha ya mfanyakazi na jamaa yake: nyumba, posho, hospitali, masomo. Baada ya mwaka 1967 Gécamines iliendelea vile. Mtu alifanya kazi, mwisho wa mwezi ukafika, akapokea. Hakuna aliyepaswa kurudia jibu kwa mtu. Lakini mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi walipaswa kutafuta maisha kwa mikono yao. Ufundi walikuwa nao. Kutafuta mwenye kazi, hakuna aliyewafundisha.

Hata hivyo muji wetu una mfano mwingine. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu hakuwa na bwana wa kumlipa mwisho wa mwezi. Alizunguka na picha zake akiuzisha. Alifika hivyo kwa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, na baada ya mazungumzo yao alirudi, tena akarudi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimletea picha karibu 100 ju ya historia ya inchi. Kama angengoja nyumbani aitwe, leo tungekosa kazi ile. Nani atasema alikuwa analomba?

Desturi pia inatufundisha. Jamaa ikituma mjumbe kuposa, mjumbe haachi neno na kupotea. Anapewa siku, siku ikifika anarudi, anakaa, anauliza kwa adabu: "Lile neno tuliacha hapa, mulilipokea je?" Wazee wa bibi arusi wanaweza kusema ndiyo, ao kuomba muda, ao kukataa. Hakuna anayemuita mulombaji. Asiporudi, njo watasema alikuwa anacheza na binti yao.

Wengine watatujibu: "Lakini kuko mafundi wanaosumbua! Anapiga simu asubuhi na mangaribi, anasema kesho bei itapanda, anakukamata mbele ya wageni." Ni kweli. Tena kwetu bei inapanda kweli, ju bintu mingi vinapita Kasumbalesa na dola haikai mahali pamoja. Lakini kumwambia mtu ukweli wa bei ni jambo moja, kumtia woga ili atoe akonto ni jambo lingine. Mwenye nyumba maskini asifanywe mufungwa wa devi. Hata sheria inatuonyesha hivyo: dekreti ya 30 Julai 1888 ju ya mapatano inasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioyafanya. Devi ambayo haijakubaliwa bado haijawa mapatano. Ni neno la upande mmoja linalongoja neno la upande wa pili.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya. Fundi arudi, na arudi mara moja. Siku ya kuacha devi aseme: "Nitapita siku ya posho kuuliza." Aandike tarehe, na bei itadumu mpaka lini. Akirudi, aulize kwa namna inayomruhusu mtu kusema hapana bila kuficha uso. Akiisha kufanya vile, deni linahama. Sasa ni la mwenye kazi: atoe jibu, hata kama jibu ni "fundi, pesa haiko". Kusema hivyo si haya. Haya ni kumwachia mwenzako tumaini asilolijua mwisho wake, na watoto wake wanangoja naye.

Sisi tulilipa deni lile kwa kukawia. Mshahara ulipofika tulienda Katuba wenyewe, na devi yake mkononi. Aliiangalia, akacheka kidogo: "Mwalimu, hii bei ilishaka kufa." Akapima upya. Safari hii, mbele ya kuagana, tuliulizana: nani atarudi kwa mwenzake, na siku gani?