Paka Hana Hesabu, Mtoto Je?



Tia dagaa ndani ya kopo lenye mdomo mwembamba, umwekee paka. Kichwa hakiingii, basi atatumbukiza mguu wa mbele. Mwaka 2009 watafiti wa Belfast waliwajaribu hivyo paka 42: karibu majike wote walitumia mguu wa kulia, na karibu madume wote wa kushoto. Hakuna aliyewafundisha. Ndivyo walivyoumbwa, na hakuna anayemlaumu paka, kwani hana taklifu.

Lakini huku kwetu Molo, wilayani Tororo, nimeona mtoto mashoto akichapwa vidole kwa kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na anayemchapa akiamini anatetea dini. Hapo najiuliza: je, mwelekeo ambao mtu hakuuchagua unaweza kuwa kosa?

Mtu atanijibu: binadamu si paka. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kula kwa mkono wa kulia, tukiruhusu kila mwelekeo uwe udhuru, mwenye hasira naye atasema ndivyo alivyozaliwa. Hoja hii ina uzito. Sisi tuna akili na tutaulizwa.

Hata hivyo, tutaulizwa juu ya tulichotenda kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo wetu. Mwenye hasira haulizwi kwa nini damu ilimchemka, bali kwa nini alipiga. Vivyo hivyo, mashoto hana dhambi kwa kuwa mashoto. Ajifunze kula kwa kulia, maana hiyo ni amri. Na mwenye udhuru, kama ugonjwa au jeraha, Imam Nawawi ameeleza kuwa halaumiwi. Kalamu haimo katika amri hiyo ya kula na kunywa.

Tena tutazame amri ilivyofundishwa. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume alimwelekeza kwa maneno machache: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa kulia, ale cha mbele yake. Hakumchapa. Na Umar mwenyewe amesimulia kwamba tangu siku hiyo alikula hivyo.

Wengi wetu tutakuwa walimu na wazazi. Tukimwadhibu mtoto kwa umbo alilopewa na Mola wake, mwenye kosa ni sisi, na sisi tuna hesabu.