Shida ya Mnunuzi si Mali ya Muuzaji

Katika vijiji vya mpunga kama Kilangali, wilayani Kilosa, bei ya dizeli haijulikani kwa kusoma magazeti; hujulikana mashineni. Mama afikaye na gunia lake kukoboa huambiwa kwamba malipo yamepanda, naye hulipa, ama hurudi nyumbani akautwange kinuni. Trekta la kukodi limepanda vilevile, na lori la kwenda Morogoro nalo. Akiuliza ni nani aliyepandisha, hujibiwa kwa neno moja: "Waarabu."

Twapenda kulipima jibu hilo leo, kwani ndani yake mna swali kubwa kuliko manung'uniko ya mashineni. Mwenye mali ihitajiwayo na ulimwengu mzima ana wajibu gani kwa mnunuzi aliye maskini? Na akiisha kumwuzia kwa bei ya kumwangusha, je, mkopo wenye masharti nafuu watosha kuliondoa deni lake?

Yatupasa kwanza kuwatendea haki wenye mafuta. Mwezi wa Septemba 1960, katika mji wa Baghdad, nchi tano ziliunda umoja wa wauzaji wa mafuta, OPEC: Iraq, Uajemi, Kuwait, Saudia na Venezuela. Hawakukutana kwa tamaa tu. Makampuni makubwa ya Marekani na Ulaya ndiyo yaliyokuwa yakipanga bei, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo yalikuwa yameipunguza tena pasipo ridhaa ya wenye nchi. Watu wa Kilosa, waliokaa miaka mingi kando ya mashamba ya mkonge, hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, lakini bei yake haikupangwa hapa. Nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, bei ilianguka, na sisi tulipelekewa habari tu. Mwalimu Nyerere hakuchoka kuuliza mkulima atoe mkonge kiasi gani zaidi kila mwaka ili apate trekta lilelile.

Na wale wanaotaka kuliona neno hili kama ugomvi wa dini wakumbuke kwamba Venezuela ni nchi ya Wakatoliki, na kwamba mmoja wa waliousukuma umoja ule kwa nguvu zaidi alikuwa mwananchi wake, Juan Pablo Pérez Alfonzo, akishirikiana na Abdullah Tariki wa Saudia. Bei ya mafuta haikupata kubatizwa, wala kusilimu.

Ikaja vita ya Oktoba 1973 baina ya Misri na Syria kwa upande mmoja, na Israeli kwa upande wa pili. Bei ya pipa iliyotangazwa kwa mafuta ya Saudia ilikuwa dola 3.01, tarehe 16 Oktoba ikawa 5.12, tarehe 1 Januari 1974 ikawa 11.65. Mwezi uleule wa Oktoba Tanzania ilivunja uhusiano wake na Israeli, na nchi nyingi za Afrika zikafanya hivyo hivyo. Lakini udugu ule haukupunguza bei ya pipa letu. Tajiri na maskini walitajiwa bei moja. Tofauti ni kwamba tajiri aliweza kuongeza bei ya mitambo yake, akawauzia wenye mafuta, akatuuzia na sisi. Mtanzania hakuwa na cha kuongeza. Na katika miaka ileile alikuwa amepatwa na ukame, hata ikambidi anunue mahindi ng'ambo kwa fedha zilezile za kigeni alizozihitaji kwa mafuta.

Kilio cha Afrika kilisikika. Wakuu wa nchi za Kiarabu waliokutana Algiers mwezi wa Novemba 1973 waliamua kuanzisha benki ya maendeleo kwa ajili ya Afrika, BADEA, iliyowekewa makao Khartoum, ikaanza kazi mwaka 1975. Ukatengwa pia mfuko wa dola milioni 200 wa kuzikopesha nchi za Afrika zilizolemewa. Katika mkutano wa Kairo wa Machi 1977 ziliahidiwa dola zaidi ya bilioni moja. Hatuvibezi vitu hivi. Mwenye kupita juu ya daraja lililojengwa kwa mkopo hana sababu ya kulitukana daraja.

Lakini mkopo ulikuwa jibu la swali gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akiandika juu ya udanganyifu katika biashara, aliweka tofauti ambayo twaiona ina nguvu hata leo. Ikiwa muuzaji atapata hasara kubwa kwa kuachana na kitu chake, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei, kwa kuwa hasara ni yake. Bali ikiwa yeye hapati hasara, na mnunuzi ndiye mwenye kukihitaji mno, hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya uhitaji huo. Kwani uhitaji ni wa mnunuzi, wala mtu hawezi kuuza kisicho chake. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali, maana mmoja aweza kukubali kwa njaa. Na Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967, akaipeleka hukumu hiyo katika biashara ya mataifa. Waislamu nao wamekatazwa na sheria yao kuficha chakula ili bei ipande.

Kwa hiyo twasema hivi. Kuwadai bei kamili wale waliowanyonya, wenye mafuta walikuwa na haki. Kumtoza bei hiyohiyo asiyewahi kuwanyonya, hali wakijua hana pa kwenda, ilikuwa kuuza shida yake. Nao mkopo hauwezi kulisahihisha jambo hilo, kwa kuwa hurudishwa, na kwa kuwa humfanya adaiye haki asimame mlangoni kama aombaye sadaka.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba bei mbili haziwezekani, kwani wajanja wangenunua kwa bei ya maskini na kuuza kwa bei ya tajiri. Hoja ina uzito. Hata hivyo, mwaka 1980 Venezuela na Mexico zilipatana kuziuzia nchi ndogo jirani zao mafuta kwa utaratibu ambao sehemu ya gharama, asilimia 30, iligeuzwa mkopo wa masharti mepesi. Ulikuwa mkopo bado, lakini nafuu yake ilipimwa kwa mapipa, wala haikungoja kila mara hisani ya mkopeshaji.

Tungeweza kuishia hapo, tukiwa tumewahukumu watu wa mbali. Lakini sisi nasi tunazo mali ambazo wengine hawana pa kuzipata kwa urahisi. Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki hupitisha shehena zao Dar es Salaam, na ushuru wa bandari huliwa pamoja na chumvi na mama wa Gitega.

Na tusiende hata bandarini. Katika vijiji vyetu, watoto wanapotakiwa sare na madaftari mwezi wa Januari, na ghala ni tupu, hutokea mwenye fedha akanunua mpunga ungali kijani shambani, kwa nusu ya bei ya mavuno au chini ya hapo. Mwenye shamba hukubali. Wengi wa wanunuzi hao twawafahamu. Hukaa viti vya mbele kanisani. Katika maungamo watu huwataja kuku walioibwa. Mpunga ulionunuliwa hivyo twadhani hautajwi sana. Siku ya shukrani ya mavuno mtu huyo huleta altareni gunia zima, nalo hupokewa kwa vigelegele. Lakini fedha iliyopunjwa katika bei ya jirani yake ingali mfukoni mwake, na jirani, aliyeketi viti vya nyuma, aijua hesabu yake debe kwa debe.